Wasee wa Marekani Hujipikia Risasi Kejani: Hii Ndio Sababu ya Dukani Haiwatoshi

Panga viwanja vya mpira karibu 9 kwa mstari mmoja. Lala kifudifudi kwenye goli la kwanza. Kule mwisho kabisa kuna sahani ya chapo, upana wake sentimita 25 hivi. Sasa unaambiwa uipige na bunduki. Si mara moja ya bahati, ni mara 20 mfululizo, na kila risasi inahesabiwa.

Ukidhani hiyo ni movie, umekosea. Ni mchezo, unaitwa F-Class, na herufi hiyo F imetoka kwa jina la George Farquharson, Mkanada aliyeuanzisha. Umbali mrefu kabisa ni yadi 1,000, yaani mita 914. Duara la pointi 10 lina upana wa inchi 10, na ndani yake kuna kaduara kengine ka inchi 5 ka kutenganisha walio sare. Kila wikendi huko Marekani kuna wazee wa pensheni, mafundi wa magari na walimu wa shule wanaojaza hizo pointi 10 kama mchezo.

Na karibu wote wana siri moja: risasi zao hawajanunua zikiwa tayari. Wamezipika wenyewe, moja baada ya nyingine, kwenye meza ya gereji.

Kwa nini msee ajisumbue hivyo na duka liko hapo? Jibu linashangaza, kwa sababu halina uhusiano wowote na nguvu. Hakuna anayetafuta risasi kali zaidi. Wanatafuta risasi zinazofanana.

Risasi moja, vitu vinne

Kwanza tuelewane, kwa sababu mtaani neno "risasi" linabeba kila kitu. Ile kitu nzima inayoingia kwenye bunduki ina sehemu nne.

Kuna ganda, lile la shaba ya manjano ambalo polisi huokota kwenye taarifa ya saa moja. Kuna kiwashi, kidude kidogo kama kitufe cha shati kinachokaa kwenye kitako cha ganda, ambacho kikigongwa kinatoa cheche. Kuna baruti ndani ya ganda. Halafu mbele kuna kichwa, ile ncha inayotoka na kusafiri.

Ukivuta kifyatuo, kiwashi kinagongwa, cheche inaingia kwa baruti, baruti inaungua kwa kasi na kutoa gesi, na gesi inasukuma kichwa kupitia mtutu. Ganda linabaki nyuma. Kichwa kimeenda, baruti imeungua, kiwashi kimekufa. Lakini ganda bado liko fiti, na ndilo lenye bei. Hapo ndipo biashara ya kupika upya inaanzia: unaokota ganda lako, unalirudisha umbo, unaweka kiwashi kipya, baruti mpya na kichwa kipya.

Hesabu ya mita moja kwa sekunde

Tuchukue risasi maarufu sana kwa mchezo huu, 6.5 Creedmoor, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Hornady mwaka wa 2007. Kichwa chake cha kushindania kinatoka kwa mtutu kikikimbia kama mita 820 kwa sekunde. Bado kitachukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika mita 914. Kwa muda huo wote dunia inakivuta chini. Ndio maana mpigaji hurekebisha darubini yake ili mtutu uelekee juu: kama bunduki imepimwa kwa mita 100, kichwa kitafika huko mbali kikiwa chini kwa zaidi ya mita 7.

Hiyo mita 7 si shida. Ikijulikana, unaipiga hesabu na unarekebisha. Shida inakuja risasi moja ikiwa na mwendo tofauti na mwenzake.

Kwa umbali huo, kila tofauti ya mita moja kwa sekunde inahamisha tundu juu au chini kwa sentimita 2 na kitu. Inasikika kidogo. Lakini risasi nzuri za dukani, zile za kushindania, ukipima 20 kutoka boksi moja unaweza kupata tofauti ya mita 13 kwa sekunde kati ya iliyo mbio zaidi na iliyo polepole zaidi. Zidisha: karibu sentimita 28 au 30. Sahani yetu ni sentimita 25. Yaani hata ukiwa huna kosa lolote, mkono wako umetulia kama jiwe na hakuna upepo, risasi ya juu kabisa na ya chini kabisa haziwezi zote kukaa kwa sahani.

Fundi mzuri wa gereji anaweza kushusha hiyo tofauti hadi mita 5 hivi. Sasa mtawanyiko ni sentimita 11 au 12, na zote zinaingia. Kumbuka hajaongeza speed hata kidogo. Amezifanya zifanane tu.

Kiwanda hakina makosa, ila hakikujui

Usidhani viwanda vinafanya kazi mbovu. Tatizo ni kwamba kiwanda kinapika risasi ya kila mtu. Lazima iingie kwa kila bunduki ya aina hiyo duniani, ya zamani na ya jana. Ni kama suti ya kununua Gikomba na suti ya kupimwa na fundi. Zote ni suti, lakini moja imeshonwa kwa mwili wako.

Fundi wa gereji anapika kwa bunduki moja tu, yake. Na hivi ndivyo anavyofanya.

Ganda kwanza. Risasi ikilipuka, ganda linavimba na kubandikana na kuta za chemba ya bunduki hiyo. Likitoka, limechukua umbo lake kabisa. Mjanja halirudishi hadi saizi ya kiwanda. Analibana kidogo tu, bega la ganda linarudi nyuma kama nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Basi linaingia bila kukwama na bila kucheza.

Shaba ina tabia moja: ukiikunja na kuikunjua mara nyingi inakuwa ngumu, halafu inapasuka, kama waya wa hanga ukiuchezea. Shingo ya ganda inayoshika kichwa inapitia hayo kila raundi. Likiwa gumu, linashika kichwa kwa nguvu tofauti na mwenzake, na kichwa kinatoka na mwendo tofauti. Kwa hivyo wengi huipitisha shingo kwa moto kwa sekunde chache ili ilainike tena. Shingo na bega tu. Kitako cha ganda hakiguswi na moto kamwe, kwa sababu ndicho kinachozuia gesi isirudi kwa uso wako. Kitako kikilainika, hiyo ni ngori.

Baruti sasa. Baruti ya kisasa haitoi moshi mwingi, na ni punje ndogo kama majani ya chai yaliyokatwa. Kipimo chao ni "greini", kitu cha zamani sana: greini moja ni gramu 0.065 hivi. Baruti yote ya risasi moja ya aina hii haijazi hata kijiko cha chai. Mizani ya mafundi wakali inasoma hadi sehemu 2 za 100 za greini, yaani punje moja ya baruti aina nyingi. Kuna wasee ambao huchukua kibano, wanatoa punje moja, wanaangalia mizani, wanairudisha.

Kichwa mwisho. Kinasukumwa ndani ya shingo hadi kina kile kile kila mara, na kikae wima. Ndani ya mtutu kuna michirizi iliyochongwa kwa mzunguko ndiyo inayokifanya kichwa kizunguke, kama mpira wa raga uliorushwa fiti. Umbali ambao kichwa kinaruka kabla ya kugusa michirizi unabadilisha jinsi bunduki inavyopiga, na kila bunduki ina pale inapopenda.

Akimaliza, anaenda uwanjani na kipima kasi, kwa kawaida rada ndogo ya mezani inayosoma mwendo wa kila kichwa kikitoka. Hapo ndipo ukweli unajulikana.

Uongo wa risasi tatu

Na hapa ndipo wengi hujidanganya, hata waliopika kwa miaka.

Mtu anajaribu mapishi matano tofauti. Kila moja anapiga risasi tatu. Mapishi ya nne yanatoa matundu matatu yaliyokumbatiana kwa tundu moja. Anashangilia, anapiga picha, anaanika kila mahali. Wiki ijayo anarudi na mapishi yale yale na yametawanyika kama kuku walioona mwewe.

Nini kimetokea? Hakuna kilichobadilika. Risasi tatu ni chache sana kukuambia chochote. Ni kama yule jamaa wa mtaa aliyeshinda bet mara mbili Jumamosi, Jumapili akaanza kuuza tips. Bahati ilimtembelea, akadhani ni akili.

Ndio maana siku hizi wanaojali hesabu husema: piga 20 au 30 kwa mapishi yale yale ndio uongee. Na wakifanya hivyo, mambo mengi waliyoapa nayo yanayeyuka. Zile punje za kutoa na kibano? Punje moja inabadilisha mwendo kidogo sana hivi kwamba huwezi kuiona kwa shabaha. Mizani nzuri inasaidia, ndiyo, lakini kuna mahali usahihi unageuka kuwa tambiko. Kinacholipa zaidi ni ganda la hali ya juu, vichwa vizuri, mtutu mzuri na kurudia kazi ile ile kwa njia ile ile.

Ayalandi walipigwa na nini mwaka wa 1874

Hilo jina Creedmoor lina historia. Creedmoor ulikuwa uwanja wa shabaha huko Long Island, New York, uliofunguliwa mwaka wa 1873 kwenye shamba lililokuwa la familia ya Creed. Leo jina hilo lipo kwa hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko pale pale Queens.

Septemba 1874, timu ya Ayalandi ilivuka bahari kuja kushindana na Wamarekani hapo. Umbali ulikuwa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walikuja na bunduki za Rigby za kujazwa kwa mdomo wa mtutu: unamwaga baruti, unasukuma kichwa, kila risasi kwa mkono. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps, za kujazwa kutoka nyuma kwa risasi yenye ganda. Ilikuwa kama mjadala wa kiufundi unaamuliwa uwanjani.

Matokeo: Marekani 934, Ayalandi 931. Pointi 3.

Ila cheki hii. Mpigaji mmoja wa Ayalandi, J. K. Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha. Risasi ilikuwa safi, mkono ulikuwa safi, hesabu ilikuwa safi. Lakini ilikuwa shabaha ya jirani. Akapewa sufuri. Kupiga katikati wakati huo kulikuwa pointi 4. Ongeza mwenyewe.

Na Mmarekani aliyefyatua risasi ya mwisho, Kanali John Bodine, alikuwa na mkono unaovuja damu baada ya chupa ya soda ya tangawizi kumpasukia. Akafunga leso, akalala chini, akapiga katikati.

Miaka 150 baadaye bado ni vivyo hivyo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha karatasi za njugu karanga tu, unaisukuma 6.5 Creedmoor zaidi ya mita moja na nusu kwa umbali wa mita 914. Ukisoma upepo vibaya kidogo, risasi iliyopikwa kwa mapenzi yote inaenda kulala nje ya sahani. Kupika vizuri kunaondoa kisingizio kimoja. Vingine vyote vimebaki kwako.

Pale mzaha unaisha

Sasa sehemu ambayo hakuna anayecheka.

Kiwango cha juu cha shinikizo la gesi ndani ya 6.5 Creedmoor, kulingana na shirika la viwanda vya silaha la Marekani, SAAMI, ni psi 62,000. Tairi la Probox lina kama psi 32. Yaani ni karibu mara 2,000 ya tairi, na inatokea sentimita chache kutoka kwa jicho la mpigaji. Kinachomkinga ni chuma cha chemba na lile ganda.

Kosa la kawaida si la kitaalamu. Ni la mtu aliyepigiwa simu katikati ya kazi. Anarudi, anasahau alikuwa wapi. Ganda moja linapata baruti mara mbili na bunduki inapasuka. Au halipati kabisa: kiwashi peke yake kinasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kinakwama, na risasi inayofuata inakutana na ukuta. Mwingine anamwaga baruti ya bastola, inayoungua haraka, kwa chupa ya baruti ya bunduki ndefu kwa sababu zote zinafanana. Macho na vidole vimepotea hivyo.

Ndio maana mafundi wenye akili wana sheria zinazofanana na za rubani. Chupa moja tu ya baruti mezani kwa wakati mmoja. Simu na TV zimezimwa. Hakuna pombe, hakuna sigara. Kipimo kinatoka kwa kitabu cha kiwanda kilichopima shinikizo kwa mashine, hakitoki kwa rafiki, na unaanzia chini. Kila ganda linamulikwa na tochi kabla ya kichwa kuwekwa. Na mapishi yaliyotulia wakati wa baridi yanaweza kuvuka mpaka jua likiwaka, kwa sababu joto linabadilisha baruti aina nyingi.

Pia kuna risasi ya madini, ile ledi, inayobaki kwa maganda yaliyotumika na kwa vumbi la kuyasafisha. Inaingia mwilini polepole na watoto ndio huumia zaidi. Wenye akili huosha mikono kabla ya kugusa chakula, na hawasafishi maganda jikoni.

Je, wanaokoa doo?

Wakiulizwa na bibi zao, wanasema ndiyo. Risasi ya kushindania ni zaidi ya dola moja kila moja huko Marekani, na kutumia ganda lako mara nyingi kunapunguza gharama. Lakini ongeza mizani, mashine ya kubana, rada, vitabu. Halafu mtutu wenyewe unalika: 6.5 Creedmoor inaanza kupoteza makali baada ya risasi elfu mbili au tatu. Utani wa zamani wa mchezo huu ni kwamba haupunguzi matumizi, unapiga nyingi zaidi kwa pesa zile zile.

Na kuanzia mwaka wa 2020 walionja uchungu. Wamarekani wengi walinunua silaha kwa pamoja, na viwashi vikapotea madukani. Kitufe kile kidogo cha bei ya peremende kikapanda bei mara kadhaa. Wenye mizani ya maelfu ya dola wakakaa kejani na maganda matupu.

Na hapa Kenya?

Huko Marekani, sheria ya taifa haidai leseni kwa mtu anayepika risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inahitajika ukianza biashara ya kuzitengeneza.

Hapa ni story tofauti kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inafunga bunduki na risasi pamoja. Unamiliki kwa kibali cha bodi ya leseni, na kutengeneza risasi bila ruhusa ya serikali ni kosa la jinai. Kiwanda cha risasi tulicho nacho ni cha serikali, kiko Eldoret. Kwa hivyo usione video ya mzee wa Texas na meza yake ya gereji ukadhani ni hustle ya kuleta mtaa.

Na ukiokota risasi nzima mahali popote, shambani au kwa mtaro, usiigonge, usiichome, usimpe mtoto achezee. Kiwashi hakijui kama kiko ndani ya bunduki au ndani ya jiko. Iache hapo ilipo na uite polisi, 999 au 112.

Lakini siku nyingine ukiona kwenye skrini mdunguaji anavuta pumzi, anafyatua, na mtu anaanguka upande wa pili wa bonde, utajua kitu ambacho mwandishi wa hiyo movie amekuficha: kuna mtu alikaa mezani usiku mzima, simu imezimwa, akihakikisha risasi ya kwanza na ya ishirini hazina tofauti.